Posture si bearing: Kiingereza kinavyomtazama mtu aliyesimama mbele yako

Aprili 1876 Henry Morton Stanley alikaa uso kwa uso na Mirambo, mtemi wa Urambo. Walikuwa wamekwishasikiana zamani. Mwaka 1871 Stanley alikuwa hapa Unyanyembe, nchi ya Tabora, akajiunga na Waarabu kwenda kumpiga Mirambo. Wakapigwa wao, na sehemu ya Tabora ikachomwa moto. Kwa miaka mitano, basi, alitembea na Mirambo wake kichwani, jitu la vita lisilotazamika usoni. Aliyemkuta ni mwanamume wa kama miaka 35, mrefu, mkavu wa mwili, mzuri wa sura, mwenye sauti ya chini na maneno laini. Alipokaa kuandika, neno la Kiingereza alilolichagua kumweleza mtu huyu ni "demeanour", na mbele yake akatanguliza "meek", yaani mpole wa kujishusha. Macho tu, alisema, ndiyo yaliyokuwa na utulivu wa mtu aliyezoea kutawala.

Hakuandika "posture". Hakuandika "bearing" pia, ingawa hilo ndilo neno ambalo Waingereza wa zama zake walipenda kuwapamba nalo majemadari.

Ukifungua kamusi zetu nyingi, maneno haya yote yanaangukia kwenye kapu moja: mkao, msimamo, mwenendo, tabia. Mwanafunzi anayajaza daftarini kama visawe, halafu anaandika kwenye insha kwamba daktari alimwambia ana "bad bearing". Sarufi haina kasoro, lakini hakuna daktari wa Kiingereza anayesema hivyo, na msomaji Mwingereza atadhani beringi ya baiskeli ndiyo iliyopelekwa hospitali.

Kinachoyatenganisha maneno haya ni swali ambalo kamusi haliulizi: nani anatazama, na anatafuta nini? Daktari anamtazama mtu kwa jicho lake, mpiga picha kwa lake, jirani aliyekaa barazani kwa lake. Kiingereza kimempa kila mmoja maneno yake, na mengi hayakubali kuazimwa.

Tuanze na daktari, maana neno lake ndilo rahisi. Posture ni namna viungo vilivyopangwa: uti wa mgongo uko wapi, mabega yameangukia wapi, shingo imetangulia mbele kiasi gani. Asili yake ya Kilatini ni kuweka, na hadi leo neno limebaki na ubaridi huo wa kitu kilichowekwa mahali. Kila mtu ana posture kila dakika, hata aliyelala, hata asiyejua kwamba anatazamwa. Mafundi cherehani wa barazani pale sokoni, waliokunjamana juu ya mashine tangu asubuhi, wana posture mbaya, na kusema hivyo si kuwatukana. Ni kama kusema mtu ana presha. Ndiyo maana neno hili linaandamana na vitenzi vya ukarabati: inasahihishwa, inaboreshwa, inaharibiwa na kiti kibovu.

Likitoka mwilini na kuingia kwenye siasa, hubadilika kidogo. Jeshi la nchi likiwa na "defence posture" fulani, maana yake ni jinsi lilivyojipanga kwa vita, askari wako wapi na silaha zimeelekea wapi. Bado ni mpangilio. Lakini liongezee mkia liwe "posturing", na papo hapo linakuwa lawama: mtu anatunisha misuli ili aonekane, hana nia ya kupigana. Wanasiasa wa kila nchi wanalipata neno hili magazetini kila wiki.

Stance ni la miguu. Golikipa anayesubiri penalti kwenye Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, magoti yamekunjwa kidogo, uzito uko mbele ya nyayo, mikono imetanuliwa: hiyo ni stance. Bondia anayetanguliza mguu wa kushoto ana yake, na mwenzake anayetumia mkono wa kushoto anatanguliza wa kulia. Mtu huichukua stance kwa sababu kuna jambo linakuja, na jambo likiisha anaiacha. Hapa Mswahili hana shida hata kidogo, kwa sababu "msimamo" wetu umepita njia ileile: miguu ilianza, maoni yakafuata. Msimamo wa chama, msimamo wa familia kuhusu mahari, msimamo wa golikipa. Tafsiri bila woga.

Pose ni la mpiga picha, na hili tumeshalichukua zamani. Mtu anapiga pozi, kidevu juu, mkono kiunoni, anangoja mwanga wa kamera. Tofauti na stance ni kwamba hakuna kinachokuja. Kinachotakiwa ni kutazamwa tu. Kiswahili cha mtaani kimelisukuma mbele zaidi, kwamba mwenye "mapozi" ni yule anayekupita kama hakujui wakati jana mlikula sahani moja. Kiingereza nacho kina dharau hiyohiyo, ila kimeiweka kwenye neno la mtendaji, "poser", mtu ambaye maisha yake yote ni picha.

Hadi hapa tunaweza kusimamisha mwili na kuukagua. Ugumu unaanza mwili unapokwenda.

Simama asubuhi jirani na bomba lolote la mtaani, Isevya au Ng'ambo hapa Tabora, umwangalie mama mmoja anayejitwisha ndoo ya lita 20. Kwanza kata: kanga kuukuu imeviringishwa, imebanwa utosini. Anashuka kwa magoti, mgongo haupindi. Mwenzake anamsaidia kuinua, ndoo inakaa, maji yanazunguka mara moja na kutulia. Anangoja hadi yatulie kabisa ndipo ananyanyua mguu. Kuanzia hapo hatua ni fupi na za chini, hakuna kudundadunda. Nyonga zinameza kila bonde la njia, na kuanzia mabegani kwenda juu hakuna kinachotikisika. Mtu akimwita kutoka nyuma, hageuzi shingo. Anageuka mzima, pole pole, au anaitikia salamu akiwa ameelekea mbele vilevile. Bodaboda inapita kwa kasi na kupiga honi. Mkono wa kulia unapanda hadi ukingo wa ndoo, unagusa, unashuka. Uso haujabadilika.

Kiingereza kina maneno manne kwa huyo mama mmoja. Jinsi uti wa mgongo unavyosimama chini ya kilo 20 ni posture. Jinsi miguu inavyokwenda, urefu wa hatua na mdundo wake, ni "gait". Jinsi kichwa, shingo na mabega vinavyochukuliwa pamoja wakati wote huo ni "carriage". Na ule mkono uliopanda, ukagusa, ukashuka bila haraka, ndio "poise".

Gait ni neno la kupimia. Madaktari wanalipenda kwa sababu mwendo hutoa siri za ubongo na mishipa: mgonjwa wa Parkinson hukokota hatua fupifupi, mwenye maumivu ya goti huufupisha muda wa kuukanyagia mguu unaouma, na mwenye hitilafu kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza usawa huyumba kama mlevi hata kama hajaonja kitu. Farasi nao wana gait zao, kuanzia kutembea hadi kukimbia mbio, kila moja ikiwa na mpangilio wake wa kwato. Tahadhari ndogo kwa wanaoandika: linatamkwa sawasawa na neno la geti, na madaftari yamejaa wazee wenye "slow gate".

Hapa lazima niwatetee wahenga wetu. Katika eneo la mwendo Kiswahili hakimwogopi mtu. Mtu ananyata, anachechemea, anajikongoja, anapepesuka, anajikokota, anaranda, anademadema, anasota, na kila kitenzi kina mwili wake na hali yake. Kiingereza kinacho kikosi kama hicho pia. Kuna "shuffle" kwa anayeburuza nyayo, "trudge" kwa anayejikokota kwa uchovu, "stride" kwa hatua ndefu za mtu anayejua aendako, "saunter" kwa anayeranda bila haraka, "strut" kwa anayetembea kifua mbele kwa majivuno, na "swagger" ambayo vijana wameshaifanya "swaga". Kitu kimoja cha kuangalia: strut inachekwa, ilhali swagger huchekwa na wengine na kuhusudiwa na wengine. Sisi tunaipitisha tofauti hiyo kwenye nomino badala ya vitenzi. Binti anayetembea kwa madaha anasifiwa, kwa maringo anasemwa kidogo, kwa mikogo ameshakera watu. Hatua zinaweza kuwa zilezile. Jirani ndiye aliyeamua.

Carriage ni zuri lakini limezeeka. Riwaya za Kiingereza za karne ya 19 zina wanawake tele wenye "graceful carriage", ila ukilitamka leo Mwingereza anaona behewa, lile lililoanza kufika Tabora reli ilipoingia mwaka 1912. Lisome, lielewe, usilitumie kwenye barua ya kuomba kazi. Wenye kulitumia bado ni watu wa ngoma za jukwaani na wapanda farasi, ambao wanajali kweli kichwa kimechukuliwa vipi.

Poise lina mzani ndani yake; asili yake ni kupima uzito. Mtu mwenye poise ana vitu viwili vilivyolingana, lakini kimoja hakionekani: mwili umetulia kwa sababu moyo umetulia, au moyo umelazimishwa kutulia. Ndiyo maana poise inapotea na kurudi. Mtu "loses his poise" akiulizwa swali asilolitarajia kwenye usaili, na "recovers" akinywa maji kidogo. Posture haipotei hivyo. Unaweza kuwa nayo mbaya, lakini huwezi kuipoteza saa nne na kuipata saa tano.

Sasa bearing, ambalo ndilo neno gumu, na mimi naliona ndilo zuri kuliko yote.

Asili yake ni kubeba. La ajabu ni kwamba carriage nalo asili yake ni kubeba, na "deportment", ambalo tutalifikia, limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kubeba vilevile. Ni kama Kiingereza na ndugu zake wanaamini kwamba mtu anaubeba mwili wake kama mzigo, na watu wanamhukumu kwa namna anavyoubeba. Kiswahili hakifikirii hivyo. Sisi tunakaa, tunasimama, tunakwenda. Ndipo tukapata mkao, msimamo, mwendo, mwenendo. Tena sisi ndio watu wa nchi ya wapagazi, ambao karne nzima ya 19 walipeleka pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe hadi pwani. Mzigo tunaujua. Hatukuona sababu ya kuufananisha na mwili wenyewe.

Bearing ni kile ambacho watu wanakisoma kwa jinsi mtu anavyouchukua mwili wake: cheo, malezi, ujasiri, huzuni aliyoizoea. Si mifupa, ni habari inayotolewa na mifupa. Chukua watu wawili. Mlinzi kijana kwenye geti la benki amesimama wima, visigino pamoja, kidevu kimenyooka. Posture yake haina kasoro, lakini meneja akipita anarudi nyuma nusu hatua na macho yake yanaomba radhi kabla hajakosa. Halafu kuna mzee mmoja wa kijijini, mgongo umepinda kwa miaka ya jembe, anaingia kwenye mkutano akiwa ameegemea mkongojo. Hasemi neno. Waliokaa kwenye benchi la mbele wanasogea wenyewe, na aliyekuwa anaongea anashusha sauti hadi mzee akae. Daktari angesikitika kwa ajili ya mgongo wa mzee. Mwandishi wa Kiingereza angeandika "a man of great bearing" na asiutaje mgongo.

Kwa hiyo mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu anaweza kuwa na bearing ya kifalme, na mwanajeshi anaweza kuwa na posture ya kijeshi bila kuwa na bearing ya kijeshi. Hili la mwisho askari wanalielewa haraka. Kwenye gwaride, "mguu sawa" ikitolewa, kila mwili unachukua umbo moja. Hiyo ni posture kwa amri. Ikitolewa "mguu pande", miili inalegea. Lakini mstaafu wa jeshi utamtambua akiwa foleni ya duka la dawa na shati la kawaida, hakuna amri iliyotolewa, kwa namna anavyogeuka akiitwa. Hicho kilichobaki baada ya gwaride kuisha ndicho "military bearing".

Sifa zinazoandamana na bearing karibu zote ni za hadhi: "noble", "regal", "dignified", "soldierly". Ni nadra kulisikia likitumika kwa mabaya. Kiswahili kina "haiba", na nadhani ndilo jirani yake wa karibu zaidi, ingawa haiba ina uzuri ndani yake na bearing haiudai. Mzee wa mkongojo si mzuri. Kwa huyo ningesema ana heshima mwilini, na nisione aibu kutumia maneno mawili badala ya moja.

Demeanour linakaa jirani na bearing lakini nyumba ni nyingine. Njia rahisi ya kuvitenga ni simu. Mtu akikupigia, huwezi kujua bearing yake. Hujui kama amesimama au amelala. Lakini sauti, kasi ya maneno, kunyamaza kabla ya kujibu, vitakuonyesha sehemu kubwa ya demeanour. Neno hili linahusu uso, sauti, macho, mikono, namna mtu anavyojiweka mbele ya wenzake wakati huu. Mwili umo, lakini si peke yake, na kubwa zaidi ni "wakati huu". Bearing inakaa na mtu miaka. Demeanour inaweza kubadilika mke akiingia chumbani.

Ndiyo maana Stanley hakukosea kwa Mirambo. Alichokuwa anakieleza ni sauti laini, maneno ya taratibu, mkarimu anayezungumza na mgeni. Demeanour ilikuwa ya upole. Yale macho ya mtawala yalikuwa habari nyingine, na Kiingereza kilimruhusu kuyasema yote mawili kuhusu mtu mmoja bila kujipinga. Stanley mwenyewe alijua kuigiza demeanour. Alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871 alitamani kumkimbilia na kumkumbatia, na kwenye kitabu alichokitoa mwaka uliofuata alikiri kwamba hadhara ile ya watu na mashaka ya jinsi atakavyopokewa vilimzuia. Akatembea pole pole, akavua kofia, akatamka "Dr Livingstone, I presume?", sentensi ambayo watu wanaitania hadi leo. Ndani moto, nje barafu: huo ndio utofauti ambao neno hili linaubeba vizuri kuliko mengine.

Neno hili lina kazi moja nzito hapa kwetu, na ndiyo inayonifanya nisiridhike nalo likitafsiriwa ovyo. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka hakimu, anapoandika ushahidi, aandike pia lolote analoliona la maana kuhusu demeanour ya shahidi wakati anahojiwa. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba jambo hilo ni la mahakama iliyomwona shahidi kwa macho, kwa sababu majaji wa rufani wanasoma karatasi tu. Wao wanabaki kupima kama maelezo yanaungana yenyewe kwa yenyewe na kama yanapatana na ya mashahidi wengine. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili. Basi hakimu aandike nini?

"Mwenendo" ndilo neno linalokuja mdomoni kwanza, lakini mwenendo wa mtu kwetu ni jinsi anavyoishi: analewa, anadhulumu, analipa madeni. Shahidi hajashtakiwa kwa mwenendo wake. "Mwonekano" unaleta nguo na umbo. "Tabia" ni kubwa mno. Mimi ningeandika jinsi shahidi alivyojiweka kizimbani, kisha nieleze kilichoonekana: alijibu bila kusita, au alimtazama mshtakiwa kila mara kabla ya kujibu, au sauti ilishuka alipotajiwa kisu. Maelezo ya aina hiyo yanaweza kupimwa na mtu mwingine, neno moja la sifa haliwezi.

Tena kuna mtego ambao vitabu vya Kiingereza havituonyi. Katika mazoea ya huko, anayekwepa macho anashukiwa uongo. Huku binti wa kijijini aliyefundishwa kukunja goti na kuinamisha macho anapomwamkia mkubwa atafanya hivyohivyo mbele ya hakimu, maana hakimu ni mkubwa kuliko wote aliowahi kusimama mbele yao. Akimkazia macho ndipo nyumbani wangemwuliza amejifunza wapi utovu huo wa adabu. Mwili wake unasema heshima. Msomaji aliyekariri demeanour kwa mifano ya London atasoma hatia.

Deportment nitalipitia haraka. Ni mwili na adabu vilivyofundishwa, tena shuleni: kukaa, kusimama, kuingia chumbani, kumpisha mkubwa. Shule za wasichana za Uingereza zilikuwa na masomo yake, na ripoti za zamani za shule za Marekani zilikuwa na alama ya deportment kama zetu zilivyo na safu ya tabia na mwenendo. Ukiikumbuka Shule ya Tabora ilivyoanza miaka ya 1920, ya watoto wa machifu, kwa mfano wa shule za bweni za Kiingereza, unaelewa ni neno gani lilikuwa vichwani mwa walimu wale. Leo lina harufu ya kabati la zamani. Halafu ukitaka kuona maneno yanavyokosana na ndugu zao, kumfukuza mgeni nchini ni "deport", mzizi uleule.

"Mien" ni la mashairi. Ukilikuta, lielewe kama uso na hali ya mtu kwa pamoja, uendelee kusoma.

Attitude linastahili zaidi, kwa sababu limegeuka kabisa. Lilipoingia kwenye Kiingereza karne ya 17 lilikuwa neno la wachoraji na wachonga sanamu: namna sanamu ilivyowekwa, mkono juu, kichwa kimeinama. Kutoka hapo likawa mkao unaoonyesha hisia, kisha ikabaki hisia bila mkao. Leo mtu "mwenye atitudi" hata haihitajiki umwone, sauti inatosha. Lakini maana ya kwanza haijafa. Iko kwenye chumba cha rubani, ambako kuna kifaa kinachoonyesha attitude ya ndege, yaani imeinua pua au imeishusha, imelalia bawa lipi, kwa kulinganisha na upeo wa macho. Hakuna rubani anayelaumu ndege yake kwa utovu wa adabu.

Yapo maneno ya mkao ulioharibika, na haya ndiyo yanayochanganywa zaidi na watafsiri, kwa sababu kwetu yote huwa "kuinama" au "kujikunja". "Slouch" ni kulegea kwa kutojali, kijana kwenye sofa na simu. "Slump" ni kuporomoka: mtu amepokea habari mbaya, au nguvu zimeisha, mwili umeanguka kitini kama gunia lililokatwa kamba. "Stoop" ni kuinama kuanzia juu, kwa uzee, au kwa urefu mbele ya mlango mfupi, na Waingereza wameipa maana ya kimaadili pia, kujishusha hadi kufanya jambo la aibu. "Hunch" ni mabega kupanda kuelekea masikioni, kwa baridi au kwa kujificha. Mtu mmoja anaweza kupitia yote manne katika safari moja ya treni, usiku wa Juni, daraja la tatu. Kwa hiyo ukitafsiri usiishie kwenye umbo la mgongo; sema na kilichoupinda. Alijilegeza, aliporomoka kitini, aliinama kupita mlangoni, alijikunyata. "Kujikunyata" hasa ni zawadi: baridi, woga na mabega vyote vimo.

Limebaki suala la wingi, ambalo mitihani inalipenda. Poise haina wingi. Demeanour inao kwenye kamusi lakini utaishi bila kuuhitaji. Gait na posture zina wingi wa kawaida. Bearing ndiyo yenye hatari. Ikiwa umoja na inamhusu mtu, ni haiba. Ikiwa na "on" mbele yake, kama jambo fulani "has a bearing on the case", maana yake linaihusu kesi. Baharini na porini bearing ni mwelekeo uliopimwa kwa nyuzi kuanzia kaskazini, na aliyepoteza "bearings" zake amepotea njia. Ukiweka wingi kwa mtu, "he has good bearings", umetoka kabisa kwenye mwili na kuingia kwenye gurudumu, na fundi baiskeli yeyote anajua beringi nzuri zinauzwaje na za kichina zinakaa muda gani.